Tafiti za saikolojia zikirudiwa nyingi zinaanguka. Je, niache tiba yangu ya usingizi?

Swali: "Nimefundisha fizikia sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka huu usingizi umenipotea. Naingia kitandani saa nne, saa nane usiku niko macho, na hapo ni kugeukageuka hadi alfajiri. Daktari hakunipa dawa, alinipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Huyo naye amenipunguzia muda wa kitandani: niingie saa sita na nusu usiku, niamke saa kumi na mbili asubuhi, na usingizi ukinikataa niondoke kitandani. Hii ni wiki ya tatu na mchana nasinzia kama mlevi. Sasa nimesoma kwamba majaribio 100 ya saikolojia yaliporudiwa, ni kama 36 tu yaliyosimama. Fizikia ingeitupa nadharia ya namna hiyo. Biolojia naikubali, walau kuna seli ya kuitazama. Lakini hii si kubahatisha tu? Niache, nirudi kuomba vidonge?"

Jibu:

Mwalimu, pole kwa usiku huo mrefu. Nikujibu kwanza kwa ufupi, kwa sababu najua unasoma haya ukiwa umechoka: usiache tiba kwa sababu ya namba hiyo. Lakini kule kusinzia mchana ni jambo jingine kabisa, na nataka mtaalamu wako alijue wiki hii hii, usingoje miadi ijayo.

Umeuliza mambo mawili yaliyosukwa pamoja kama ukili. La kwanza, je, saikolojia ni sayansi ya kuaminika? La pili, je, tiba hii itakufaa wewe? Watu wengi hulijibu la pili kwa kutumia jibu la la kwanza, na hapo ndipo wanapopotea. Samaki mmoja akioza si lazima wote wawe wameoza. Inabidi ufungue tenga utazame.

Namba uliyoisoma ni ya kweli. Ilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science. Watafiti wapatao 270 walichukua majaribio 100 yaliyotoka mwaka 2008 katika majarida matatu ya saikolojia, wakayarudia kwa uangalifu, mara nyingi wakishauriana na waliofanya yale ya mwanzo. Awali, 97 kati ya hayo 100 yalikuwa yamevuka kizingiti cha takwimu, yaani kipimo cha kuamua kwamba matokeo si ya bahati tu. Yaliporudiwa, yaliyovuka yalikuwa takriban asilimia 36, na ukubwa wa athari, kwa wastani, ulishuka hadi karibu nusu. Ni habari nzito, wala sitaki kuipunguza uzito.

Ila itazame ndani. Majaribio yaliyohusu utambuzi, yaani kumbukumbu, umakini na mengine ya aina hiyo, karibu nusu yalisimama. Yale ya saikolojia ya jamii, yanayohusu namna watu wanavyohukumiana na kuathiriana, yaliyosimama ni kama robo. Tiba haikuwamo, mradi ule uligusa matawi hayo mawili tu. Kwa hiyo kuitumia 36 kupima tiba ya usingizi ni sawa na kupima uzito wa gunia moja kisha kutangaza uzito wa gunia la jirani. Na jingine linalosahaulika: waliofanya ukaguzi huo walikuwa wanasaikolojia wenyewe. Walijipima hadharani na kutangaza majibu yaliyowaumiza. Fani inayobahatisha haifanyi hivyo.

Sasa unasema fizikia ingeitupa nadharia ya namna hiyo. Ni kweli, lakini kwa nini inaweza? Si kwa sababu wanafizikia hawakosei. Septemba 2011, kundi la watafiti la OPERA lilitangaza kwamba nutrino, chembe ndogo mno, zilizorushwa kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia jirani na Geneva, zilifika Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 kupitia ardhini, nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Dunia nzima ikashtuka, maana hakuna kinachopaswa kuushinda mwanga. Miezi michache baadaye ikabainika kwamba kebo moja ya fiba haikuwa imekazwa vizuri. Desemba 2015, mashine kubwa ya CERN ilionyesha dalili ya chembe mpya. Mamia ya makala za nadharia yakaandikwa kuieleza, na kufikia Agosti 2016, data zilipoongezeka, dalili ikayeyuka. Ilikuwa ni nasibu tu.

Hata jaribio unalolifundisha la matone ya mafuta lina kisa chake. Thamani ya chaji ya elektroni aliyoitoa Robert Millikan ilikuwa ndogo kidogo kuliko inavyopaswa, kwa sababu alitumia kipimo kisicho sahihi cha mnato wa hewa. Mwaka 1974 mwanafizikia Richard Feynman aliwaeleza wahitimu wa chuo cha Caltech, Marekani, kilichofuata. Waliokuja baada ya Millikan hawakuruka moja kwa moja hadi thamani sahihi. Walipanda polepole, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Aliyepata namba iliyo mbali sana na ya Millikan alitafuta kosa lake mpaka akalipata. Aliyepata namba iliyo karibu hakujisumbua. Huo ni udhaifu wa binadamu, na koti la maabara haliuzuii, la fizikia wala la saikolojia.

Kinachoiokoa fizikia ni vitu viwili. Kwanza, elektroni zote ni sawasawa. Uliyoipima leo haitofautiani na ya kesho, haina mawazo, haikumbuki kwamba ulikwisha kuipima. Pili, unaweza kurudia kipimo mara milioni nyingi, hivyo unaweza kujiwekea kizingiti cha juu sana. Chembe ya Higgs, iliyokuwa imetabiriwa na nadharia, ilipotangazwa Julai 2012, kipimo kilikuwa hivi: kama chembe haipo, uwezekano wa nasibu kutoa dalili kubwa kiasi hicho ni takriban mmoja kati ya milioni tatu na nusu. Katika saikolojia na sehemu kubwa ya biolojia, kizingiti kilichozoeleka ni mmoja kati ya ishirini.

Na hiyo biolojia unayoikubali haraka? Mwaka 1999 John Crabbe na wenzake walichapisha jaribio ninalolipenda sana kwa unyofu wake. Maabara tatu, moja Kanada na mbili Marekani, zilichukua panya wa koo zilezile, umri uleule, vifaa vya aina moja, hata muda wa kuanza vipimo ulilinganishwa. Bado panya wa ukoo mmoja walionyesha tabia tofauti kutoka maabara moja hadi nyingine. Mwaka 2012 Glenn Begley na Lee Ellis waliripoti kwamba kampuni ya dawa ya Amgen ilijaribu kuthibitisha tafiti 53 za saratani zilizohesabiwa kuwa za msingi. Zilizothibitika zilikuwa 6. Siziweki 6 kati ya 53 na 36 kati ya 100 kwenye mizani moja, maana hazikuchaguliwa kwa njia moja. Ila usidhani kwamba kitu kinachoonekana kwa hadubini hakidanganyi. Seli za saratani ziitwazo HeLa, zilizotolewa kwa mgonjwa Henrietta Lacks mwaka 1951 na kukuzwa maabarani, ziliingia kimyakimya katika vyombo vya seli nyingine, watu wakachunguza kwa miaka kitu wasichokijua.

Kwa hiyo sioni ngazi yenye fizikia juu na saikolojia chini. Naona kelele. Unapowafundisha wanafunzi kupima muda wa pendulumu huwaambii wapime mzunguko mmoja. Unawaambia wahesabu mizunguko ishirini kisha wagawanye, kwa sababu kidole kwenye saa huchelewa au huwahi. Kelele ya kidole inamezwa na wingi. Sasa fikiria pendulumu ambayo jana ilifiwa, leo imekunywa kahawa, na inajua unaipima. Ndiyo kazi ya mwanasaikolojia. Akiwa na watu arobaini tu, anasikiliza mnong'ono ndani ya soko.

Kelele peke yake isingeleta aibu ile ya 2015. Ilipata msaidizi, nayo ni desturi ya kuchapisha. Ukiuliza maswali ishirini yasiyo na jibu lolote la kweli, ukatumia kizingiti cha mmoja kati ya ishirini, uwezekano wa kupata angalau "ugunduzi" mmoja ni asilimia 64. Huo mmoja unapelekwa jaridani. Kumi na tisa yanabaki kwenye mtoto wa meza, na msomaji hajui kama yalikuwepo. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn waliuanika ugonjwa huu kwa makusudi. Kwa kutumia hila za uchambuzi ambazo wakati huo zilikuwa za kawaida, walitoa matokeo yenye "uthibitisho" wa kitakwimu kwamba kusikiliza wimbo fulani humpunguzia mtu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Hawakughushi hata namba moja. Walichagua tu, baada ya kuona data, kipi kiripotiwe na kipi kinyamaziwe.

Dawa nazo hazikuepuka hilo, na hapa nakuomba utulie kidogo kwa sababu unafikiria vidonge. Robert Kaplan na Veronica Irvin walikagua majaribio makubwa ya dawa na virutubisho vya moyo yaliyofadhiliwa na taasisi ya serikali ya Marekani. Kabla ya mwaka 2000, yaliyoonyesha faida yalikuwa 17 kati ya 30. Baada ya hapo, watafiti walipotakiwa kusajili mapema ni nini hasa watakipima, yaliyoonyesha faida yalikuwa 2 kati ya 25. Dawa hazikuharibika ghafla. Mlango wa kuchagua jibu baada ya kuliona ndio ulifungwa. Siku hizi wanasaikolojia wengi nao husajili mipango yao kabla ya kukusanya data.

Basi mtu wa kawaida afanyeje? Mimi mwenyewe, nikiletewa ugunduzi wowote, wa nyota au wa nafsi, siulizi umetoka idara gani. Nauliza umerudiwa mara ngapi, na akina nani wasio na maslahi nao, na uliporudiwa athari ilibaki kubwa kiasi gani. Wazo kwamba utashi ni kama betri inayokwisha lilitajwa kila mahali tangu 1998. Mwaka 2016 maabara 23 zililijaribu kwa pamoja kwa watu zaidi ya 2,000, athari ikakaribia sifuri. Kwa upande mwingine, Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, peke yake, jinsi anavyosahau silabi zisizo na maana, akachapisha mchoro wake mwaka 1885. Mwaka 2015 watafiti wa Amsterdam walilirudia jaribio lile na mchoro ukatoka unafanana mno. Miaka 130! Fani ni hiyohiyo, saikolojia, na madai yake mawili yamefikia hatima tofauti.

Tuipime tiba yako kwa maswali hayohayo. Inaitwa tiba ya fikra na tabia kwa wanaokosa usingizi. Mapitio ya mwaka 2015 yalijumlisha majaribio 20 yenye washiriki zaidi ya 1,100 waliogawanywa kwa kura. Kwa wastani, muda wa kusubiri usingizi ulipungua kwa dakika 19 hivi, na muda wa kukaa macho katikati ya usiku ulipungua kwa dakika 26 hivi. Jumla ya usingizi iliongezeka kwa chini ya dakika kumi. Utaona si muujiza. Asiyekuambia hizo dakika kumi atakufanya utegemee saa mbili zaidi, kisha ukate tamaa. Faida kubwa ni usingizi kukusanyika mahali pamoja badala ya kuwa vipandevipande, na faida hiyo huelekea kubaki baada ya tiba kwisha, jambo ambalo vidonge mara nyingi haviwezi. Mwaka 2016 chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza tiba hii iwe ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, kabla ya dawa. Daktari wako hakukutupa kwa mtu wa kubahatisha.

Ina udhaifu, nao ni huu. Kidonge kinaweza kulinganishwa na kidonge bandia bila mgonjwa kujua. Tiba ya mazungumzo haiwezi kufichwa hivyo, kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda inatokana na matumaini. Tena namba nyingi hutoka katika daftari za wagonjwa wenyewe. Mashine zinapopima usingizi, tofauti huwa ndogo zaidi. Hata hivyo, ushahidi wake umerudiwa na watu wengi, mahali pengi, na umesimama.

Sababu ya kukunyima kitanda ni rahisi kwa mtu wa fizikia kuielewa. Usingizi unaendeshwa na nguvu mbili. Alexander Borbély alizieleza pamoja mwaka 1982. Moja ni shinikizo: kadiri unavyokaa macho ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya ubongoni na kukuvuta ulale. Kafeini huziba mahali adenosini inaposhika, na kwa watu wengi baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini, hivyo kikombe cha jioni unakijua hesabu yake. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, inayosahihishwa kila siku na mwanga. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga, ambazo husisimka zaidi kwa mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480. Kazi yao ilithibitishwa mwaka 2002. Fotoni, chembe ya mwanga, inagonga seli, seli inaiarifu saa, saa inajua lini ikuruhusu usinzie. Tayari umepita katika fizikia na biolojia.

Kisha inakuja nafsi. Mtu anayekosa usingizi huanza kuingia kitandani mapema "ili nipate hata kidogo". Anatawanya usingizi wa saa tano na nusu katika saa nane, na saa zinazobaki anazitumia kuhesabu dari. Usiku baada ya usiku ubongo unajifunza kwamba kitanda ni uwanja wa mapambano. Ukipanda tu, moyo unakwenda mbio. Ndiyo sababu Richard Bootzin, mwaka 1972, aliwaagiza wagonjwa waondoke kitandani usingizi ukigoma, na Arthur Spielman miaka ya 1980 akaongeza kupunguza muda wa kitandani ili shinikizo lijae kabla hujalala. Unavyosinzia sasa ni shinikizo lililokwisha kujaa. Ni dalili kwamba tiba inafanya kazi yake, na wakati huohuo ni hatari ya kuchungwa.

Una njia tatu. Kuendelea kama ulivyo ni sawa iwapo usiku umeanza kuwa shwari. Chukua daftari lako, gawanya muda uliolala kwa muda uliokuwa kitandani, na usitazame usiku mmoja mmoja. Tazama wastani wa wiki, kama mizunguko ile ishirini. Ukifika asilimia 85 au zaidi, kwa kawaida mtaalamu huongeza dakika 15 za kitandani, kisha mnapima tena wiki inayofuata. Njia ya pili ni kuendelea kwa kulegeza kidogo, yaani kuongezewa nusu saa sasa kwa sababu mchana umekuwa mgumu. Utachelewa kupona kidogo lakini huenda ukaimaliza tiba, na kwa maelezo yako hii ndiyo ninayoielekea. Njia ya tatu ni vidonge. Sivilaani. Kwa siku chache za msiba au dhiki kubwa vina nafasi yake, ila vingi huzoeleka, vingine huleta kizunguzungu na kuanguka, hasa umri ukienda, na vikiachwa usingizi unaweza kutoroka tena. Kama ulikuwa na vidonge vya zamani unavitumia kimyakimya, usivikate ghafla. Mwambie daktari avipunguze taratibu.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua, lazima uonekane ana kwa ana. Ukisinzia kiasi cha kupoteza sekunde barabarani, usiendeshe, na mpigie mtaalamu leo. Ukiwa na kifafa, au umewahi kupata vipindi vya furaha iliyopitiliza na kutohitaji kulala kwa siku kadhaa, kupunguza usingizi kunaweza kukuamshia maradhi, kwa hiyo simamisha ratiba hiyo mpaka daktari akuone. Aliye chumbani nawe akisema unakoroma kisha pumzi inakatika, au miguu inakuchezacheza usiku bila kutulia, huenda tatizo si la tabia hata kidogo na unahitaji vipimo vingine. Na kama katika saa zile za alfajiri yamekujia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, usiyabebe peke yako hata siku moja: mwamshe mtu wa nyumbani, nenda hospitali iliyo karibu, usiku huohuo.

Ukienda kwa mtaalamu wako, beba daftari na lile swali la 36. Mwulize ushahidi wa kila agizo alilokupa, na mwulize mtajuaje kama tiba imeshindwa, na lini. Mtaalamu mzuri atakuwa na tarehe na kipimo cha kukutajia.